Moto wa Ijumaa

Paa la Nyamoita halikuwa limetoa moshi tangu asubuhi. Tryphosa alilitazama kupitia migomba, mvua ikichuruzika kwenye majani yaliyochanika, akajua moto wa jirani umezimika. Masika yale ya mwaka wa sabini na moja yalilowesha hata viberiti vilivyofichwa kitandani, na mto ulikuwa umeimeza njia ya kwenda Ogembo. Mle ndani mlikuwa na Nyamoita mwenyewe, mzazi, na kichanga chake kisichotimiza juma.

Miaka ya nyuma Nyamoita angekuja mwenyewe na kigae, achukue kaa, wacheke kidogo mlangoni. Ndivyo walivyoishi, moto wa huyu ukilala kwa yule. Lakini mtoto wa kwanza wa Nyamoita alifariki, naye akasema mbele ya watu kwamba Tryphosa, yule mjane, ndiye aliyekuwa amempakata mwisho. Halikuhitajika neno jingine; kila mtu alisikia uchawi. Vijana walichoma ghala la wimbi la Tryphosa, wakaahidi kwamba mara nyingine itakuwa nyumba, na mwenyewe akiwa ndani.

Tangu hapo Tryphosa alisoma Warumi kumi na mbili, kidole kikifuata herufi kama alivyofundishwa darasa la tatu. Ubaya ushindwe kwa wema. Miezi mingi aliupita mstari huo upesi, kama mtu apitaye penye mbwa. Leo ulimng'ang'ania.

Akachota kaa jekundu, akaliweka kigaeni juu ya majivu, akalifunika kwa ganda kavu la mgomba.

"Mama, unakwenda wapi?" Mogaka, mwanawe, alikuwa akinoa panga, kazi asiyoiacha tangu ghala lilipoungua. "Leo Sabato. Wewe hukubali hata kuwasha moto."

"Sijawasha. Huu uliwashwa Ijumaa."

Mogaka hakucheka. "Na kile kitoto kikifa, watasema ulikipelekea nini?"

"Kikifa kwa baridi, mimi nitasema nini?"

Alikwenda ameinama juu ya kigae, mvua ikimpiga mgongoni.

"Nyamoita, mwanangu. Nimeleta moto."

Sauti ikatoka ndani, nyembamba: "Mama Mogaka, usiingie. Nakuomba."

"Siingii."

Akakiweka kigae chini ya upenu, akapuliza mpaka kaa likang'aa, akarudi nyuma hadi kwenye migomba, aonekane vizuri kwamba mikono yake haina kitu. Kaa likafifia. Likavaa majivu. Ndipo mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoka, ukakivuta kigae. Komeo likarudi mahali pake.

Jioni moshi mwembamba ulilala juu ya paa lile. Tryphosa aliketi na Biblia mapajani, hasomi. Mogaka alikuwa kizingitini, panga magotini. Ng'ambo ya migomba kichanga kililia, Tryphosa akapumua. Kikalia tena. Kisha kikanyamaza, na kimya kikarefuka, naye alipoinua macho alimkuta Mogaka amesimama mvuani, panga ameliacha chini, ametega sikio.