Kiti cha Marehemu

Gauni la marehemu lilinibana kwapani. Bibi alinifunga vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, akanikalisha kwenye kiti cha binti yake na kunishikisha kalamu. "Tuendelee tulipoishia, mwanangu," alisema.

Nilikuwa mjakazi wa kufua, nimenunuliwa pamoja na mama yangu, naye hakumaliza mwaka. Binti wa Bibi alikuwa rika langu. Homa ilimchukua, walisema. Baada ya mazishi, Bibi alinikuta uani, mikono imezama povuni, akanitazama mpaka nikainamisha uso. Tangu hapo asubuhi nilifua. Alasiri nilikuwa maiti anayejifunza kusoma.

Mtumwa aliyejua kusoma alichapwa viboko. Lakini chumbani mle sikuwa mtumwa, na hilo ndilo lililonitisha. Mpishi, aliyenilea baada ya mama, alijaribu kulifanyia mzaha: nguo ya kuazima haisitiri maungo, sembuse ya maiti. Hakucheka.

Nilipoanza kuunganisha maneno, Bibi alianza kuniletea kikombe cha dawa. Nimepauka, alidai. Ilikuwa chungu, na baada ya wiki mbili miguu ilikuwa mizito kama nguo zilizolowa.

Siku moja alitoka kidogo. Nikafunua daftari la marehemu nikitafuta ukurasa mtupu, nikakuta mistari iliyopinda:

"Mama ananipa dawa ili nisiolewe mbali. Miguu imeishiwa nguvu. Anasema nikiugua nitakaa naye siku zote."

Niliisoma mara mbili, kidole chini ya kila neno. Hakuna aliyekuwa amenipa somo lile.

Dawa niliimwaga kwenye chungu cha maua. Bibi aliporudi alitazama kikombe kitupu, akanipapasa shavu. Nikafanya hivyo siku nne, huku nikijikokota makusudi. Siku ya tano alinong'ona, "Kesho nitakuletea viwili."

Sikuingoja kesho. Alipokwenda kusali nikajitanda mtandio wa binti yake, nikashuka ngazi na kupita mlango wa mbele, jua likiwaka. Mpishi aliniona. Akageukia sufuria zake.

Langoni alikuwepo bawabu, mzee aliyelibeba jeneza la binti yule begani. Alisimama. Akafungua lango lote, akainamisha kichwa.

"Nenda salama, binti," alisema. "Usirudi tena."

Nilikwenda. Hadi leo sijui alikuwa akimwambia nani.