Wimbo wa Chumba cha Pamba

Saa nne kasoro robo asubuhi, mfagiaji wa chumba cha kuchambulia pamba alikuwa amefika mashine ya tano, na kama kawaida yake alifagia huku akivumisha wimbo, mdomo umefungwa. Kiwanda kizima kilimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri. Wimbo wake haukuwa na maneno. Alikuwa ameutunga mwenyewe kidogo kidogo kwa miaka mingi, na ndio uliokuwa sala yake, maana sala za kutulia mahali pamoja zilimshinda. Nyumbani aliosha vyombo visafi. Kazini alifagia pale alipokwisha kufagia, kwa kuwa vumbi la pamba lilitua tena kabla hajageuka. Feni sita za kuvuta vumbi zilikuwa ukutani, zimekufa mwaka wa nne sasa.

Kwenye mashine ya tano alisimama mdogo wake, anakohoa. Alikuwa akikohoa tangu mwaka juzi, na siku hizi hakuweza kupanda ngazi za nyumbani bila kupumzika mara mbili. Shangazi alipompita akivumisha wimbo wake, donge la pamba, jeupe, kavu, ukubwa wa yai, likatoka kifuani kati ya kifungo cha pili na cha tatu cha koti la mdogo wake, likapaa polepole na kukwama chini ya bati. Huko juu likaendelea kukohoa. Mdogo wake akaacha kukohoa.

"Dada, hebu pita tena," akasema. "Naona la kushoto limebaki."

Shangazi akapita tena. La kushoto likatoka.

Wenzao wakapanga foleni. Msimamizi akawahimiza wafanye chapuchapu, chai inapoa. Kufikia Ijumaa madonge themanini na sita yalikuwa chini ya bati, kila moja na kikohozi cha mwenyewe, na watu wakawa wanayatambua. "Langu lile pale," alisema mmoja, "lile la kupiga mluzi."

Shangazi alifurahi, ila roho yake ilikuwa juu juu. Waliotolewa madonge Jumatatu walikuwa wamevuta mengine kufikia Alhamisi. Usiku alikuwa akiamka kusikiliza pumzi za mdogo wake, anahesabu, anarudi kitandani, anaamka tena. Alichotaka ni feni zizunguke. Aliamini kwamba meneja akivisikia vifua vyao kwa masikio yake mwenyewe, atainuka kitini kwenda kutafuta fundi wa feni.

Kwa hiyo wakayashusha madonge kwa ufagio mrefu ili wampelekee. Hapo ndipo mkono wa kazi ulipowaponza. Watu waliochambua pamba maisha yao yote hawajui kupeleka pamba chafu mahali, basi waliyachambua, wakayapima, wakayatia kwenye gunia la kiwanda na kuandika uzito ubavuni.

Meneja alilisikiliza gunia likikohoa juu ya meza yake. Kisha akasoma ubavuni. "Kilo moja na nusu. Safi sana hii. Daraja la kwanza."

"Ni vifua vyetu hivyo, bosi. Tunaomba feni zitengenezwe," Shangazi akasema.

"Nimesikia, poleni. Lakini pamba iliyotoka ndani ya kiwanda ni ya kiwanda." Akamgeukia mdogo wa Shangazi. "Na wewe unaendeleaje?"

"Mimi nimepona kabisa," mdogo wake akajibu, kwa kuwa siku ile ndivyo ilivyokuwa.

"Basi feni za nini tena?"

Kesho yake ratiba ikabandikwa mlangoni: Kuimba, saa mbili hadi saa mbili na nusu. Gunia lilirudishwa mashineni. Mashati yaliyofumwa kwa uzi ule yalikuwa yakikohoa kidogo yanapoanikwa, na wanunuzi wakazoea.

Shangazi alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua. Sala yake ilikuwa imepangiwa saa, na imefanywa kisingizio. "Siimbi," akawaambia wenzake. "Siimbi mpaka feni zizunguke."

"Hata mimi naona hivyo," akasema fundi wa mitambo. "Yule bwana pamba imemwingia masikioni, si kifuani kama sisi." Wakacheka, wakakohoa, wakaahidiana kuvumilia.

Siku tatu Shangazi alibana midomo. Wimbo ukawa unamjia mdomoni, anafagia mbio mbio ili usimtoke. Siku ya nne mdogo wake akapiga magoti mbele ya mashine ya tano, midomo imekuwa ya kijivu.

"Usiimbe, dada," akanong'ona. "Tumekubaliana."

"Nyamaza wewe!" Shangazi akamwambia, na akaimba. Aliimba kwa mdomo wazi, wimbo mzima, machozi yakimtiririka kwa uchungu na kwa aibu. Madonge ya chumba kizima yakapaa. Dirishani mwa ofisi yake kule juu meneja akatazama saa, akatuma msimamizi aseme kwamba siku nyingine waanze kwa wakati.

Lakini wimbo haukumgusa aliyeuimba. Miaka kumi na miwili Shangazi alikuwa akimeza vumbi, na siku iliyofuata kifua chake kikakataa. Akaegemea mashine, pumzi haipandi wala haishuki. Mdogo wake akamshika bega, akaanza kuvumisha ule wimbo. Aliukosea katikati, akarudia. Donge likatoka, kubwa kama mto wa kulalia, likachukua muda mrefu kumalizika, nalo lilipofika juu likakohoa kwa sauti nzito. Shangazi akavuta pumzi mpaka chini kabisa. Akamkumbatia mdogo wake, na wote wawili wakalia bila kujificha.

Meneja aliteremka mwenyewe, leso puani. Akamwomba mdogo wa Shangazi aurudie wimbo kidogo tu, asikie. Mdogo wake, bado anafuta machozi, akaurudia, na safari hii hakukosea.

"Kumbe mko wawili," meneja akasema.

Alasiri ile tangazo lilibandikwa mlangoni: kuanzia Jumatatu, chumba cha pamba kitafanya kazi zamu mbili.