Feni Nyuma ya Nailoni

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumatano ya mwisho ya Oktoba 2020, feni zilikuwepo. Heulwen aliziona kupitia nailoni nzito iliyoning'inizwa mbele ya rafu na kubanwa kwa utepe wa njano na mweusi. Wales nzima ilikuwa imeamriwa kukaa ndani tena, na supamaketi ziliruhusiwa kuuza bidhaa za lazima tu. Chakula kilikuwa cha lazima, na pombe ilihesabiwa pamoja na chakula. Birika, soksi, vitabu na feni vilikuwa nyuma ya nailoni.

Nyumbani, mumewe Idwal alikuwa ameketi wima kitandani akitafuta pumzi. Vumbi la makaa alilolivuta mgodini lilikuwa limemkausha mapafu. Oksijeni alikuwa nayo, lakini haikumwondolea hofu ya kukabwa. Nesi Carys alisema wazi: feni ndogo, impulize usoni. Wagonjwa wa namna hii hutulia.

Aliyesimama mbele ya utepe ni Menna, msimamizi wa zamu, shoga yake Heulwen tangu utotoni. Waliimba pamoja kanisani, na kabla ya korona Menna alikula kwa Heulwen kila Alhamisi jioni.

"Shoga, nitolee feni moja."

"Feni si bidhaa ya lazima."

"Feni kwenye baridi hii ya Oktoba?" alidakia mwanamume mmoja kwenye foleni, katoni ya bia mkononi. "Bibi, jua umelipata wapi? Tuelekeze na sisi!"

"Nyamaza wewe," alisema mama aliyekuwa nyuma yake. "Kwani hiyo bia yako ni dawa?"

"Dawa ya moyo, mama."

Watu wakacheka ndani ya barakoa. Menna hakucheka.

Heulwen akashusha sauti. "Ni kifua cha Idwal. Nesi kaagiza. Na jana serikali imesema mwenye shida ya kweli auziwe, duka liamue."

"Nimesikia. Duka hapa ni mimi."

"Basi amua."

"Nimeshaamua."

Heulwen alidhani hajaeleweka. "Menna, baba yako aliondoka kwa kifua hiki hiki. Tulipokezana kumpepea kwa gazeti, mimi na wewe. Nani akufundishe?"

"Nakijua kifua. Namjua pia aliyepanda basi lenye wavu madirishani."

Februari 1985 mgomo wa wachimba makaa ulikuwa umetimiza miezi kumi na mmoja. Binti wa Heulwen alikuwa na nimonia, na nyumba ya mchimba makaa haikuwa na makaa. Idwal alirudi kazini kabla ya wenzake, ndani ya basi lililozungushiwa wavu wa kuzuia mawe. Mume wa Menna aligoma hadi siku ya mwisho, kisha akafutwa kazi. Watu wote wa bonde lao wakaacha kubisha mlango wa Heulwen. Menna peke yake alirudi, na Heulwen akaamini yamekwisha.

"Mtoto alikuwa anakufa, Menna. Ilikuwa lazima."

"Aliamua mwenyewe kipi cha lazima. Leo naamua mimi."

"Miaka thelathini na mitano umekula mezani kwangu!"

"Kwako nilikula. Kwake sikula."

Ilikuwa kweli. Alhamisi zote hizo Menna hakuwahi kuvuta kiti kabla Idwal hajainuka na sahani yake kwenda kuitazama televisheni. Heulwen alikuwa akidhani ni mpira tu unaomwinua Idwal.

Heulwen akaweka kikapu chini, akatoka.

Nyumbani alifungua madirisha, akabaki na koti lake mwilini, akampepea Idwal kwa mfuniko wa bati la biskuti.

"Umepata?" aliuliza Idwal.

"Zimeisha."

"Menna... yupo?"

"Yupo. Anakusalimu."

"Mtu mwema... yule."

Saa nane nesi Carys alifika, akaukuta mfuniko mkononi mwa Heulwen, akaambiwa feni dukani zimeisha. "Zimeisha? Mama, jana nimeziona kwa macho yangu." Hakungoja jibu. Alikwenda na sare yake ya kazi, akarudi na boksi.

Heulwen alimfuata jikoni. "Nani kakuuzia?"

"Yule mama msimamizi. Nilimwambia ni ya mgonjwa wangu wa kifua. Aliifungua nailoni mwenyewe, hata jina hakuuliza. Akasema mtu wa kifua hapaswi kusubirishwa."

Waliiweka feni juu ya kigoda, wakaiwasha. Upepo ulimfika Idwal mashavuni, mabega yake yakashuka.

"Mpigie Menna," alisema. "Mwambie... imepatikana."

Heulwen aliiacha simu mezani, akakisogeza kigoda karibu, akabonyeza kitufe cha pili, na feni ikaongeza kasi.