Mahema Bado Meupe

"Mzungu gani analetewa habari mara mbili na bado anatafuna mkate?" Kipriani alimgeukia Reverien, jirani yake, pale kwenye benchi. "Huyo si jenerali. Huyo ni mzigo."

"Habari zenyewe zilikuwa nusunusu," Reverien alisema. "Ungekuwa wewe?"

"Ningerudi kambini mbio."

Banda zima la video likacheka kupita kiasi. Tharsisi, anayetafsiri filamu kwa kipaza sauti, akachochea: "Mmemsikia. Yeye angerudi mbio."

Walicheka kwa sababu mtaa wote pale Kasulu ulishajua, isipokuwa mwenye mke. Muda huohuo Nadine, mke wa Kipriani, alikuwa nyumbani anafungasha. Felisiani, yule mbadilisha fedha wa Manyovu, alikuwa anamsubiri na gari barabarani, na Felisiani ni kaka yake Sophie, mke wa Reverien. Kazi aliyopewa Reverien ilikuwa moja: amshike Kipriani kwa ubishi mpaka gari liondoke. Kazi tamu. Kipriani ukimpa ubishi hata njaa haisikii.

Kwenye skrini, jenerali wa Kiingereza alikuwa ameondoka alfajiri na nusu ya jeshi, akiwafukuza Wazulu wachache waliojionyesha vilimani. Nusu nyingine kaiacha kambini, hakuna handaki, hakuna lolote. Tarishi mwingine akafika, farasi anatoka povu.

"Mkuu, adui wanaisogelea kambi," Tharsisi alisema kwa sauti ya kuhema, kisha akaikaza ya kizungu: "Ngoja nimalize chai."

Simu ya Kipriani ikatetemeka. Reverien akachungulia: Nadine. Au mwanamke kajuta, anataka azuiwe?

"Zima hiyo bwana, unatuharibia."

"Atakuwa anaulizia chumvi," Kipriani alisema, akaizima.

Sasa afisa mmoja akapanda mtini na darubini. "Mahema bado meupe, mkuu. Kambi salama."

Sijui ni nini kilimgusa Kipriani, akainuka, akaenda dirishani kutazama uani kwake, ng'ambo ya barabara.

"Vipi kambini?" Tharsisi aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Nguo ziko kambani. Mke yupo."

Watu walianguka kwenye mabenchi. Mmoja alitoka nje akalie vizuri machozi ya kicheko. Kipriani naye akacheka, akidhani amechekesha, akarudi kukaa karibu na Reverien, akampiga goti.

Jenerali alirudi jioni. Mahema aliyakuta. Watu, hapana.

Filamu ilipoisha Reverien aliwahi nyumbani, akasimama mlangoni asipitwe. Alimwona Kipriani akizishika nguo pale kambani, moja moja: suruali, shati, shati, soksi. Zote zake. Akaingia ndani, akatoka, akawasha simu, akaiweka sikioni. Haipatikani. Akaja mpaka kwenye ua wa miti uliotenganisha nyumba zao.

"Reverien. Hamjamwona Nadine?"

Ndani, Sophie alikuwa anapakua maharage ya mawese huku kajiziba mdomo kwa kanga. Reverien alimtazama jirani yake, akahesabu moyoni gari limeshafika wapi, akasogea pembeni ya mlango.

"Sijamwona, jirani. Lakini ugali ndiyo kwanza umeiva. Ingia tule, utueleze vizuri yule mzungu alikosea wapi."