Shuka Mbichi za Mhandisi

Kila asubuhi, kabla ya kuinjika chai, dobi alichukua kijiko kidogo akamgonga mama yake: kwanza goti, kisha kiwiko, mwisho kifua. Kifua kikijibu pu, alishukuru na kukirudisha kijiko kikombeni. Goti lilikuwa limeanza kujibu ti, kama jiwe, tangu mvua zilizopita, na kiwiko kilifuata. Mama mwenyewe alikaa kwenye kiti chake cha plastiki karibu na dirisha, akisubiri matokeo kama mtu anayepimwa homa.

Mtaa wa chini wote uliamka hivyo. Maji ya huko yalikuwa magumu, na ule ugumu ulioganda ndani ya birika uliganda pia ndani ya walioyanywa. Ulianza kwa kupausha kucha, ukahamia kwenye viungo, mweupe na mkavu, hadi mtu akashindwa kukunja mkono wa kujikuna. Sabuni haikutoa povu hata uisugue ikaishia mkononi. Ilitoa utando wa kijivu ulioshika kwenye beseni na kukataa kutoka. Suruali zikianuliwa zilisimama zenyewe. Watu walishazoea, na vijana walitaniana kwamba mchumba wa kuoa ni yule anayelia pu mwili mzima.

Mtaa wa juu, ng'ambo ya daraja, maji yalikuwa laini. Mto ulikuwa mmoja na ofisi ya maji ilikuwa moja. Ofisi hiyo iligawa kipeperushi katika mitaa yote miwili, bila upendeleo, kikieleza kwamba ugumu wa maji hutofautiana baina ya eneo na eneo, na kwamba maji laini yana faida nyingi nyumbani: sabuni hutumika kidogo, taulo hazikwaruzi, hita na birika hudumu, glasi hazibaki na madoa, ngozi na nywele hupendeza. Mtaa wa chini walikitumia kuwashia jiko. Kilikuwa karatasi nzuri na kiliwaka vizuri.

Dobi alifua huko juu, nyumbani kwa mhandisi wa mtambo wa maji. Kipande cha sabuni cha ukubwa wa kidole gumba kilimtosha kwa nguo za watu wote wa nyumba ile, na povu lilimpanda hadi viwikoni. Aliipenda kazi ile kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Mikono yake, iliyoshinda juu, ilikuwa ya msichana. Miguu yake, iliyolala chini, ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Kumhamishia mama yake huko hakukuwezekana. Darajani palikuwa na mlinzi mwenye kijiko, na aliyelia ti hakuvuka. Wafanyakazi wa ndani aliwagonga mikono tu, maana ndiyo iliyokuwa ikienda kazini.

Kuteremsha maji kwa dumu pia hakukufaa kitu, na kila mtu alikuwa amejaribu. Dumu lilikuwa jepesi hadi katikati ya daraja, kisha mkono ukavutwa ghafla kwenda chini, na upande wa pili ukabaki na maji yale yale ya siku zote. Palikuwa na rundo la madumu hapo katikati, yameachwa na watu waliokata tamaa. Mlinzi alikalia moja.

Njia yenyewe dobi aliipata bila kuitafuta. Siku moja wingu lilitanda mtaa wa juu, na mke wa mhandisi akamwambia azipeleke shuka akazianike kwake. Alizikamua nusunusu, akazijaza kwenye karai, akajitwika. Darajani karai halikuongezeka uzito. Inaonekana maji yakiwa ndani ya nguo hayahesabiwi kuwa maji. Alipofika nyumbani kamba ilikuwa imejaa nguo za jirani, basi shuka moja akamtupia mama yake mabegani kwa muda. Alipoiondoa, kidole gumba cha mama kilikuwa kinacheza.

Tangu siku hiyo alimweleza mke wa mhandisi kwamba jua la chini hukausha vizuri zaidi. Asubuhi alifua, mchana aliteremsha shuka mbichi, akamviringisha mama yake kuanzia shingoni hadi miguuni, akarudi juu kupiga pasi, kisha akakimbia kuja kumfungua kabla nguo haijakauka. Hapo hakuhitaji kuambiwa. Kitambaa kilichonyonya ugumu kikiachwa kikauke hukakamaa kama plasta ya mguu uliovunjika, na dobi yeyote anajua jinsi ya kukitoa: kwa nyundo.

Kiwiko kilirudi kwanza, kisha bega. Ndani ya shuka mama alianza kuimba kwa pua, wimbo usio na maneno, ule aliouimba zamani akichambua mchele. Kisha taya likaachia. Mama ambaye hakuwa ametamka neno tangu msimu uliopita alitafuna hewa, akatema punje nyeupe kiganjani, akazitazama, akamgeukia binti yake.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Mwongo wewe."

Dobi alicheka hadi machozi yakamtoka. Alikuwa na furaha, na furaha ile hakuificha. Hata fundi cherehani wa nyumba ya pili aliisikia kupitia ukutani, akasimamisha mashine yake.

Tatizo lilikuwa shuka. Zilichokivuta kwa mama hakikutoka chote hata kwa maji ya juu. Mke wa mhandisi alizipapasa kitandani akakunja uso.

"Dada, hizi shuka zinakwaruza. Baba watoto hajalala jana, anasema ni kama amelalia ukuta."

"Samahani, mama. Labda ni sabuni."

"Sabuni gani? Kwa maji yetu haya hata jiwe lingelainika."

Dobi alisuuza mara nyingi zaidi, na alipunguza muda wa kumfunga mama yake, lakini muda ulipopungua kifua cha mama kilianza kutoa sauti ya kati, si pu wala si ti, na hakukuwa na namna ya kuacha.

Mwisho wa mwezi ulikuwa karibu, na kila mwisho wa mwezi alipita Bwana Kijiko. Huyu alitumwa na ofisi ya maji, na kijiko chake kilikuwa kirefu, cha chuma kizito. Aligonga vifua. Aliyelia ti kifuani alihesabiwa amekwisha, na lori lililomfuata nyuma lilimpakia hapohapo. Hakuwa mtu mbaya. Alivua kofia kila mlango.

Siku aliyopita mwezi huo, dobi alikuwa amemfunga mama yake vizuri, akamwachia dirisha wazi upande mmoja, na kurudi juu mbio apige pasi. Alimkuta mke wa mhandisi amesimama na shuka za wageni mkononi.

"Leo huondoki mpaka hizi zilainike. Wageni wanalala hapa. Unataka niwalaze juu ya kokoto?"

"Mama, nina mgonjwa nyumbani. Niruhusu nifike mara moja, nitarudi."

"Nani hana mgonjwa, dada? Ukitoka, usirudi."

Akitoka, harudi; asiporudi, hakuna shuka; pasipo shuka, hakuna mama. Alilipigia hesabu jambo hilo akiwa amesimama, kisha akawasha tena pasi. Nje jua lilikuwa kali. Lilikuwa jua zuri sana la kukaushia nguo.

Sebuleni wageni walikuwa wakinywa chai na kuisifia. Haikuwa na utando juu, mgeni mmoja alisema. Kwao hata chai nyeusi huota ngozi. Mhandisi alifurahi kuulizwa. Alieleza kwamba siri ni chokaa tu. Unaichoma, unaitia kwenye tangi, inaukamata ugumu wote na kuzama nao.

"Chokaa ya mlimani?" mgeni aliuliza.

"Ya mlimani ina mchanga. Nzuri inatoka mtaa wa chini, ile iliyokaa kwenye mtu miaka mingi. Safi kabisa. Ndiyo maana tunatuma lori."

"Kwenye mtu?"

"Hasa wazee."

Mgeni alikoroga chai yake, akasema kwao hawajafikia teknolojia hiyo. Chumba cha pili dobi alisikia yote, na pasi ikaacha alama ya kahawia kwenye foronya. Alikuwa akijua lori linakochukulia. Linakopeleka hakuwa amewahi kuuliza, na hakuna aliyewahi kumwambia aulize.

Alipoachiwa, alikimbia. Miguu yake haikuwa ya kukimbia, iligongana njia nzima ikilia ti, ti, ti. Nyumbani kiti cha plastiki kilikuwa kitupu, na chini yake palikuwa na vipande vyeupe vya nguo iliyokauka. Fundi cherehani alikuwa mlangoni, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni.

"Amepita Bwana Kijiko," alisema. "Kamgonga juu ya shuka. Imelia ti, mwanangu, mtaa mzima umesikia."

"Ni shuka iliyolia! Ni shuka, mzee wangu, si yeye!"

"Nilimwambia. Nikamwambia bibi anaimba humo ndani, sikiliza. Akainama akatega sikio, sitamsingizia, akasikiliza vizuri. Akasema, 'Mzee, hata birika huimba.' Akavua kofia."

Dobi alimuuliza mama alikuwa anaimba nini. Fundi cherehani hakuwa na sauti, lakini alijitahidi, akauimba kwa pua wimbo ule wa kuchambua mchele. Aliukosea mwishoni. Dobi akaketi kwenye kiti cha mama yake akalia kwa sauti, na majirani waliopita waligonga mlango kwa vijiko, kwa heshima, wakaendelea na safari zao.

Jioni hiyohiyo alijaribu kuvuka. Mlinzi alimgonga mikono, kisha, kwa kuwa haikuwa saa ya kazi, akamgonga na goti. Lililia ti. Akamrudisha.

Asubuhi, saa ya kazi, aligongwa mikono tu, akapita.

"Shuka moja haionekani," mke wa mhandisi alisema.

"Imeondoka na mgonjwa, mama."

"Ilikuwa ya pamba tupu ile," alisema mke wa mhandisi, akasonya kidogo, kisha akamwonyesha rundo la shuka za wageni.

Wiki iliyofuata maji ya mtaa wa juu yalikuwa laini kuliko wakati wowote ambao watu waliweza kukumbuka. Povu lilipanda kabla sabuni haijagusa nguo. Taulo zilianguka mikononi kama unga, vikombe vilimeremeta bila kufutwa, na mhandisi alilala usiku mzima bila kugeuka. Wageni waliongeza siku za kukaa. Ndani ya kuta, mabomba yalianza kuimba kwa pua, taratibu, wimbo usio na maneno. Mhandisi alisema ni hewa, itajitoa yenyewe.

Dobi alikuwa uani, kwenye beseni. Alifungua bomba na kuweka kiganja chake chini yake. Maji yalimpita vidoleni yakiimba, na wimbo ulifika mwisho bila kosa. Kisha ukanyamaza.

"Umekula?" maji yaliuliza.

"Nimekula, mama."

"Mwongo wewe."

Aliyaacha yatiririke. Beseni lilijaa, likafurika, yakamlowesha miguu, na gotini palikuwa na kitu kinachoachia polepole, kwa maumivu matamu. Alikuwa na mengi ya kusema na hakujua aanzie wapi. Alianza na ile shuka. Alitaka kueleza kwamba alikuwa anakuja, kwamba alikuwa njiani.

Mke wa mhandisi alichungulia dirishani.

"Dada, unaongea na nani hapo?"

"Na maji, mama."

"Basi funga bomba, usiyamwage bure. Unajua yanavyopatikana?"

"Najua, mama," dobi alisema, akalifunga.