Mlinzi wa Daraja la Kihistoria

Mume wangu alipata kazi ya kulinda daraja, nami nikawa mjane wa mtu aliye hai.

Daraja lenyewe ni la chuma, la enzi za babu zetu, mapande marefu yamefungwa kwa ribiti, ile misumari minene ya chuma, pembetatu kwa pembetatu. Tumelivuka na ng'ombe, magunia, maharusi na majeneza, wala halijawahi kulalamika. Kisha wakaja waheshimiwa wa mambo ya kale, wakaligongagonga, wakatikisa vichwa, wakatutangazia kwamba ni la kihistoria. Tukapiga vigelegele kama wajinga.

Maana siku ileile likatundikwa bango darajani: wageni ruksa, wenyeji marufuku. Eti miguu yetu inalichakaza. Ya wageni, kwa maelezo ya wataalamu, ni ya kitalii.

Mume wangu akapewa sare, filimbi na kibanda. Kibanda kiko ng'ambo, inakoishia barabara ya wageni. Nyumba yetu iko huku. Asubuhi ya kwanza alivuka kwenda kuripoti kazini, maana bado hakukuwa na mlinzi wa kumzuia. Jioni akataka kurudi, akasoma bango, akakumbuka kuwa naye ni mwenyeji. Akajizuia mwenyewe.

"Baba watoto!" nilimwita toka ukingoni. "Chakula kinapoa!"

"Nimeomba kibali! Ombi liko kwa wakubwa, wanalijadili!"

"Wanalijadili mpaka lini?"

"Usiegemee chuma, mama!"

Mto wetu hauogeleki, na kuzunguka kwa lori ni safari ya kutwa nzima. Yeye hawezi kuacha lindo kwa sababu hana wa kumpokea. Mwezi ukapita. Binti yetu akaanza kuniuliza baba amefanya kosa gani mpaka amefungwa. Hapo nikasema basi, mume wangu nitamrudisha mwenyewe.

Nikaazima miwani myeusi na kofia pana kwa wifi yangu, nikadandia lori, nikajipenyeza kwenye kundi la wageni. Mume wangu akatupokea kwa saluti. Alikuwa amekonda, shati halina kifungo, nikamwonea huruma mpaka alipofungua mdomo.

"Wenyeji wa hapa," akasema, "walikuwa watu wakarimu sana. Walipita hapa na mifugo yao."

Walikuwa! Damu ikanichemka, ila nikauma meno.

Tulipofika katikati nikavua miwani. Akanitambua.

"Mama watoto..."

"Zimebaki hatua chache tu," nikamwambia, nikamshika mkono. "Mwanao anakungoja. Twende nyumbani."

Akapiga hatua moja. Msinibishie, aliipiga, niliiona kwa macho yangu. Ndipo wageni wakainua kamera. Akazitazama, akaitazama sare yake, akautoa mkono polepole na kusafisha koo.

"Na huyu, wageni wangu," akasema, "ni mwenyeji halisi. Mnaruhusiwa kumpiga picha."

Wakanipiga, mbele na ubavuni. Mmoja akaniomba nitabasamu. Nikageuka, nikalimaliza daraja peke yangu, filimbi ikilia mgongoni.

Binti yetu alikuwa amesimama mlangoni.

"Umemwona baba?"

"Nimemwona mlinzi," nikamjibu, nikamwambia aingie ndani tule.