Kitanda cha Mteja wa Ikola

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi, lakini wahenga hao hawakuwahi kufika mtaa wa Makanyagio wakamwona Erasmus, fundi seremala. Wangemwona, wangeongeza maneno. Mtu huyu alikuwa amewatengenezea vitanda karibu maharusi wote wa Mpanda mjini, vitanda vya mninga, vizito, ambavyo ukijaribu kuvisogeza peke yako unaishia kusogea wewe. Na yeye mwenyewe, na mke wake Pelagia, na binti yao mchanga Agape, walikuwa wanalala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni juu ya mkeka. Tangu harusi.

Siyo kwamba hakutengeneza. Haki ya mtu apewe. Alitengeneza mara tatu. Cha kwanza kilikuwa kinapakwa vanishi alipotokea mwalimu aliyehamishiwa Mpanda, hana pa kulala, anabembeleza kama mtoto. Cha pili alikichukua bwana harusi mmoja ambaye fundi wake aliingia mitini na harusi ni Jumamosi. Cha tatu kilikwenda Sitalike kwa kijana anayefanya kazi hifadhini, na huyo hata shida hakuwa nayo. Alikipenda tu, akaweka hela juu ya benchi la kupigia randa, kitanda kikapanda gari.

Pelagia alishajua dalili. Erasmus akirudi na nyama iliyofungwa kwenye gazeti, na soda mbili za baridi, basi kitanda kimeondoka.

"Baba Agape, nyama leo? Kuna sikukuu?"

"Aa, nimeamua tu, mke wangu. Mama anayenyonyesha anatakiwa ale vizuri."

"Kimekwenda wapi?"

"Nini?"

"Kitanda."

Hapo Erasmus alikuwa anapatwa na kikohozi. Alikuwa mtu mwema, tena mwema kupita kiasi, na tatizo lake lilikuwa hilohilo: mteja akisimama mbele yake, moyo unalainika kama siagi juani. Mke hasimami mbele yake. Mke yupo tu nyumbani, kesho yupo, keshokutwa yupo.

Mwanzoni Pelagia alikuwa anacheka. Alizaliwa na kicheko, mtoto wa Ikola huyo, amekulia kwenye dagaa na upepo wa ziwa, na aliolewa na mtu wa Mpimbwe akijua kwamba watu wa huko, mradi wali upo mezani, mengine yote yanasubiri. Lakini kicheko nacho kina mwisho. Alikuja na sanduku lenye mashuka aliyoyadarizi kwa mkono wake, yenye pindo la kufuma la kuning'inia pembeni mwa kitanda. Sasa pindo la kuning'inia utalining'iniza wapi kwenye godoro la sakafuni? Mashuka yakabaki sandukuni na vidonge vya nondo.

Mambo yakabadilika padri alipotangaza ubatizo wa watoto. Agape alikuwa miongoni mwao, na ndugu wa Ikola walituma ujumbe kwamba wanakuja: mama yake Pelagia, na shangazi yake Generosa.

Shangazi Generosa, jamani. Huyu ndiye aliyesimama siku ya posa, akauliza mbele ya wazee, "Huyu kijana anafanya kazi gani?" Akaambiwa ni fundi wa vitanda. Akasema, "Basi angalau mtoto wetu hatalala chini." Watu wakacheka, wakapiga makofi. Na sasa shangazi anakuja, na kama kawaida ya ubatizo wanawake wataingia hadi chumbani kumwona mama na mtoto, wenyeji watake wasitake. Mlango utafunguliwa, godoro litaonekana. Habari itafika Ikola kabla ya shangazi mwenyewe kupanda gari la kurudi.

Safari hii Pelagia hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, mtoto mgongoni, akawaza. Kilichomuuma hakikuwa aibu peke yake. Aibu unaweza kuizoea. Alitaka kujua jambo moja tu: hivi kwa Baba Agape, yeye Pelagia ni wa ngapi kwenye foleni?

Akampelekea Scolastica shida yake. Scolastica alikuwa matroni wao wa harusi, muuza vitenge sokoni, mwanamke wa sauti kubwa na akili ya haraka. Alisikiliza akikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mwenzangu," akasema, "wewe kosa lako ni moja. Umekuwa mke mno. Kuwa mteja."

"Matroni, unanitania."

"Sikutanii. Una hela ya vitambaa vyako?"

Pelagia alikuwa nayo, kwa sababu alikuwa anafuma vitambaa vya makochi na kuuza. Kesho yake Scolastica akaingia karakana ya Erasmus, mkoba kwapani, akamwambia kuna mama mmoja wa Ikola, mfanyabiashara wa dagaa, anahamia Mpanda, anataka kitanda cha futi tano kwa sita, mninga mtupu, kiwe tayari Ijumaa kabla ya ubatizo. Akatoa advansi, akasema mzigo ataufuata yeye, siyo yule mama.

Ndipo Makanyagio ikaona kazi. Erasmus alikuwa anatoka alfajiri na kurudi jioni nywele zimejaa unga wa mbao. Pelagia hakuwahi kumwona hivi, na roho ilimuuma kidogo na kumfurahisha kidogo, vyote kwa pamoja.

"Huyo mteja wako ni nani hasa?" akauliza siku moja akigeuza ugali, uso ameufanya mkavu.

"Mama mmoja wa kwenu. Mstaarabu sana. Hapigi simu, hasumbui, hana maneno mengi."

"Kumbe! Mtu wa Ikola asiye na maneno mengi?"

"Hata mimi nimeshangaa." Erasmus akanawa mikono, akaketi. "Ila namhurumia. Mama mzima anahangaika kutafuta kitanda mwenyewe. Mumewe yuko wapi?"

Pelagia akainamia sufuria. "Labda ana kazi nyingi."

"Kazi gani? Kuna wanaume, Mama Agape, sijui walioa ili iweje. Mkeo halali vizuri na wewe unakoroma? Mimi ningekuwa kaka yake, ningemfuata huyo bwana nimwambie ukweli."

"Mwambie, Baba Agape. Usimwonee haya."

"Nikimwona nitamwambia."

Pelagia alitoka nje kwa kisingizio cha kuchukua kuni, akacheka mpaka Agape mgongoni akaanza kucheka naye.

Siku iliyofuata mume akaja na swali. Ubao wa kichwani alitaka kuuchonga, lakini achonge nini? Ua? Moyo? Wanawake wanapenda nini?

"Mtu wa Ikola mchongee migebuka," akasema Pelagia.

"Samaki? Kitandani?"

"Nyie watu wa Mpimbwe mtajulia wapi? Mgebuka ni samaki wa heshima. Chonga wawili, watazamane."

Erasmus aliguna, lakini alichonga. Scolastica alipita karakana kukagua, akarudi kwa Pelagia macho yamemtoka. Migebuka ile, alisema, ungeipaka chumvi ungeila. Lakini alirudi na habari nyingine pia: kuna bwana mmoja mwenye gesti amekizunguka kitanda kile mara mbili, anakipapasa, anauliza bei, anaambiwa kina mwenyewe, anaongeza dau.

"Na yeye anasemaje?" Pelagia akauliza.

"Anakohoa."

Pelagia akaacha kufuma. Kikohozi kile alikifahamu.

Alhamisi jioni Erasmus alirudi kimya. Hakumsema mume wa mteja, hakusifia kitanda, alikula matonge mawili akasukuma sahani. Alipoulizwa kama anaumwa, akasema hapana. Akamchukua Agape, akamlaza kifuani, akakaa hivyo muda mrefu akitazama godoro.

Ijumaa, jua lilipoanza kupoa, simu ya Pelagia ikalia.

"Mama Agape!" Scolastica alikuwa anahema. "Nimefika karakana na guta la kubebea mzigo, pamefungwa! Nimechungulia dirishani, kitanda hakipo! Jirani anasema kimepakiwa, kimeondoka. Mume wako kakiuza!"

Pelagia aliketi hapohapo sakafuni. Hasira zilimpanda hadi masikio yakawaka moto. Kumbe siyo mke tu. Hata mteja aliyetoa advansi, mama wa watu asiye na maneno mengi, naye ameuzwa! Akaapa kwamba nyama ya leo ataila Erasmus peke yake, mbichi, na gazeti lake. Machozi yakaanza kumtoka, akayafuta kwa ncha ya khanga, yakatoka tena. Kesho mama anafika. Kesho shangazi anafika. Na yeye sasa ameshajua namba yake kwenye foleni.

Alikuwa bado anajifuta aliposikia guta likigongagonga njia ya nyuma, ile ya kupitia mashimo ya taka, ambayo hakuna mtu anayepitisha mzigo wa maana.

"Fungua! Mama Agape, fungua haraka kabla matroni hajaniona!"

Akafungua. Erasmus alikuwa amelowa jasho, hana nyama, hana soda. Nyuma yake, juu ya guta, kitanda kilikuwa kimefunikwa turubai kama mzigo wa magendo, na pua ya mgebuka mmoja imechomoza.

"Shika huku," akanong'ona. "Taratibu, usigonge."

Pelagia akafuta macho. Akashika. Wakaingiza ubao wa kichwani, wakaingiza mbao za ubavuni, wakasogeza godoro ukutani na Agape juu yake. Erasmus alikuwa anapanga chaga za kulazia godoro, akitazama mlangoni kama mwizi wa kuku, ndipo bodaboda ikafunga breki mbele ya nyumba na Scolastica akaingia bila hodi.

Akaona kitanda. Akamwona Pelagia. Na kwa kuwa alikuwa na akili ya haraka, akaelewa yote palepale, akashika kiuno.

"Fundi! Hiki si kitanda cha mteja wangu?"

Erasmus akasimama mlangoni mwa chumba, mikono ameitanua kwenye miimo. "Ni chenyewe, matroni."

"Kinafanya nini hapa?"

Pelagia angeweza kusema wakati ule. Alifunga mdomo makusudi. Alitaka kusikia.

"Matroni, kwanza nisamehe," akasema Erasmus. "Advansi yake nitairudisha kidogo kidogo, na kitanda kingine nitamtengenezea, bure hata. Ila hiki hakitoki. Jana nilikuwa nakipiga msasa, huku nikimsema mume wa yule mama kama ninavyomsema kila siku. Nikasikia maneno yangu mwenyewe. Nikasema, Erasmus, huyo bwana humjui, unamtukania nini? Mkeo wewe analala wapi? Ubao ukanishinda kuushika." Akakaza mikono kwenye miimo. "Bwana wa gesti amekuja leo na hela mkononi, nikamfukuza. Ni mara ya kwanza nafukuza mteja, matroni, uliza mtaa mzima. Na huyo mama wa Ikola mwambie anisamehe, naye atanielewa, kwa sababu ni mwanamke. Kitanda hiki ni cha Pelagia."

Scolastica alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Akamtazama mwenzake.

Pelagia alikuwa analia waziwazi sasa, na anacheka, na kamasi zinamtoka. Hakuwa mzuri wa kutazama hata kidogo. "Yule mama amekuelewa, Baba Agape," akasema. "Amekuelewa sana."

"Umejuaje?"

"Ni mimi."

Erasmus alimtazama mkewe, akamtazama matroni, akamtazama mgebuka wa kushoto, akamtazama wa kulia. Kisha akaketi kwenye ubao wa ubavuni.

"Kwa hiyo yule bwana mzembe..."

"Ndiye wewe."

"Anayekoroma..."

"Wewe. Tena ulisema ukimwona utamwambia ukweli."

Scolastica sasa alishindwa. Alicheka hadi akatoka nje kushika ukuta, na majirani wakaanza kuuliza kuna nini. Erasmus hakucheka.

"Mbona hukuniambia?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nilikwambia. Nimekwambia tangu harusi. Lakini nilikuwa nakwambia nikiwa mke, na oda ya mke ilikuwa haisogei hata hatua moja."

Erasmus akaokota nyundo, akarudia chaga zake, na Pelagia akapiga magoti upande wa pili kumshikia mbao. Alimwona akifuta macho kwa bega, mara moja, mara ya pili, akajifanya hajaona. Nyumba nzima ilikuwa inanuka vanishi mbichi, nao wakaendelea mpaka chaga ya mwisho ilipokaa.

"Mama Agape," Erasmus akasema, hamtazami. "Kuanzia leo usije kwangu kama mteja tena. Ukitaka kitu, niambie tu."

"Utasikia?"

"Nitasikia."

"Haya. Kabati la vyombo."

Erasmus akainua uso. Akajipapasa mfukoni, akatoa futi kamba, akaenda jikoni na macho yake mekundu kupima ukuta, na huko akauliza kama analitaka la milango miwili au mitatu.